Herufi Chini ya Mkia wa Tai

Nico alinipigia simu Jumanne asubuhi nikichambua maharagwe, kuniambia kwamba mama yake amefariki. Sikuwa nimesikia sauti yake kwa zaidi ya miaka thelathini, lakini aliongea kana kwamba tuliachana jana sokoni. "Akoth, Mama ametuacha. Alikuwa anakutaja sana. Tafadhali ukuje, na kama unaweza, useme maneno mawili kama mpangaji wetu wa zamani." Nilienda. Yamumbi niliyoijua mimi ilikuwa mashamba ya mahindi na nyumba chache zenye ua wa michongoma. Siku hizi ni maghorofa ya kupangisha, na ilibidi niulize njia mara mbili. Chini ya hema mchungaji alisema marehemu alikuwa mwanamke wa ukweli, asiyejua kuficha kitu, na watu wakaitikia amina. Waliponipa kipaza sauti nilisema alinilisha vizuri, kwa kuwa hilo halina ubishi, kisha nikaketi. Nico, ambaye sasa ana mvi na kitambi, alinikumbatia mbele ya watu wote akalia begani mwangu. Nilisimama tu kama nguzo. Nilirudi nyumbani nimekasirika kwa hasira ambayo nilidhani ilikufa kitambo, na ndiyo iliyoniketisha kuandika habari za mwaka mmoja niliokaa kwao.

Mwaka ule nilikuwa na umri wa miaka ishirini na mitatu na kazi yangu ilikuwa kutafuta makosa. Katika kiwanda cha nguo pale Eldoret, kitambaa kilipita mbele yangu juu ya meza yenye taa chini yake, mita baada ya mita, nami nilishika chaki ya kuweka alama kila palipokatika uzi, kila fundo, kila tone la mafuta. Ukikaa mbele ya meza hiyo miezi sita, macho hayakubali tena kupumzika. Kanisani unaona pindo la sketi ya mwimbaji limeshonwa kwa nyuzi za rangi mbili. Unaona kila kitu, na hakuna anayekufundisha la kufanya na ulichokiona. Nilikuwa nimepanga chumba kimoja cha mbao nyuma ya nyumba ya Mzee Sang, baba yake Nico, mwalimu mstaafu wa kilimo. Kilikuwa na sakafu ya simiti na dirisha moja lililotazama mahindi, na kuta zake nilizibandika magazeti ili kuzuia ule upepo unaoshuka kutoka Timboroa. Majuma ya kwanza nilimwona Mzee kwa mbali tu, akitembea uani na fimbo, mkono mmoja ukipapasa ua. Mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili. Aliweza kujua mchana na usiku, na aliweza kujua mtu amesimama mbele yake, lakini hakumjua ni nani mpaka aongee.

Jumapili moja Mama Nico aliniita nile nao. Nakumbuka chumba kile cha mbele kuliko vyumba vingi nilivyoishi baadaye: makochi yenye vitambaa vyeupe alivyofuma mwenyewe, redio iliyofunikwa kama mtoto mchanga, na ukutani picha ya Mzee akiwa kijana, amevaa koti refu, amesimama kwenye theluji mpaka vifundoni. Tulikula ugali wa wimbi na mboga ya isagek iliyopikwa kwa maziwa, na Mzee akaniuliza ninafanya kazi gani. Nilipomweleza habari za meza ya taa na chaki, aliacha kutafuna. "Kosa dogo kabisa ulilowahi kuona ni kubwa kama nini?" Nikasema, "Nyuzi mbili zimepishana, Mzee. Mahali pa mmoja kuingia juu, umeingia chini." Akamwambia mkewe, "Mama Nico, leta sanduku."

Sandukuni mlikuwa na dola za fedha za Marekani, kubwa, nzito, za zamani kuliko babu yangu. Upande mmoja zina uso wa mwanamke mwenye utepe kichwani, upande wa pili tai ametandaza mbawa. Mzee alisomea kilimo huko magharibi mwa Marekani, na likizo zake aliosha vyombo katika mji wa watu wa kucheza kamari, ambako dola hizo zilikuwa bado zinapita mikononi kama shilingi. Kila juma aliweka moja. Mpishi mmoja mzee pale jikoni ndiye aliyemwonyesha kwamba hazifanani. Kati ya zote alizorudi nazo, saba zilikuwa za pekee, kila moja imefungwa kwa kitambaa cha flana, na habari zake zimeandikwa katika daftari lenye jalada jeusi. Kwa miaka thelathini aliandika alama za dola zake moja moja kwa kutumia lenzi ya fundi wa saa, mpaka macho yakamwacha katikati ya ukurasa.

"Sikia," aliniambia siku hiyo. "Mashine ina vyuma viwili. Kimoja kimechongwa uso wa yule mama, kingine tai. Kipande cha fedha kinaingia katikati, vyuma vinakibana, dola inatoka. Sasa, mara moja moja kipande kinakosa kuingia. Vyuma vinagongana vyenyewe, uso kwa uso, na kila kimoja kinamwachia mwenzake alama. Kutoka hapo, kila dola inayotoka inazaliwa na hiyo alama." Akanipa moja na lenzi. "Usiishike usoni, shika ukingo. Igeuze polepole kwa dirisha. Angalia chini ya mkia wa tai, uniambie kuna nini." Niliangalia muda mrefu. Sikuona kitu, kisha mwanga ukapita kwa upande na nikaona kijistari, kingine juu yake, na kingine. "Kuna herufi," nikasema. "Nusu ya herufi. Ni E." Mzee alipiga paja lake. Hiyo E haikuwa na kazi mahali pale. Ilikuwa imetoka kwenye neno lililoandikwa katika utepe wa yule mwanamke upande wa pili. "Mama Nico!" akaita. "Huyu msichana ameona E!" Na Mama Nico akajibu kutoka jikoni, "Basi aongezwe chai."

Tangu siku hiyo kila Jumapili baada ya kanisa nilikuwa macho yake. Nilikaa dirishani nikisoma dola, naye akisema niandike nini. Nilijifunza kutofautisha tai mwenye manyoya saba mkiani na yule wa manane, nilijifunza kuona tarakimu iliyogongwa mara mbili, na mstari wa bawa la tai ulioachwa karibu na shingo ya mwanamke. Nilijifunza pia kanuni ambayo Mzee aliirudia mpaka nikaweza kuisema usingizini: alama ya kugongana inarudi katika kila dola iliyotoka kwenye chuma kile, lakini pigo, yaani mahali dola imeanguka au imegongwa na nyingine ndani ya gunia, ni la hiyo moja pekee. "Ukiona pigo moja mara mbili," alisema, "hapo jua kuna mkono wa mtu." Nilifurahi kuliko nilivyowahi kufurahi. Kiwandani jicho langu lilikuwa la kuharibu. Nikiweka chaki, mtu alifokewa. Pale dirishani kosa lilikuwa kitu cha kushangilia. Na Mama Nico alinipenda, lazima niliseme hilo. Alijua watu wa ziwa hatuwezi kukaa bila omena, dagaa wa kwetu, basi alinunua mjini akanipikia, madirisha yote wazi, uso ameukunja kwa harufu, akisema, "Kula, kula, mimi nitazoea." Sikuwahi kumwona akizoea, lakini hakuacha kupika.

Nico alikuwa rika langu. Alitaka kwenda kusoma ng'ambo kama baba yake, na baba yake hakutaka kusikia. Ukuta wa mbao hauzuii maneno. Jioni moja nikiosha vyombo uani niliwasikia. "Hizo dola zimelala kwa sanduku miaka yote," Nico alisema. "Wewe ulienda. Mimi kwani ni nini, nikae hapa nikilinda mahindi?" Mzee akamjibu bila kupandisha sauti, "Mimi nilienda kwa kichwa changu. Leta chako tukione." Kisha mlango ukabamizwa, na nikamsikia Mama Nico akisema jambo kwa Kikalenjin, taratibu, kwa muda mrefu. Miezi miwili baadaye Nico alisafiri. Tuliambiwa kanisa limemsaidia. Tulimfanyia sala, tukachinja mbuzi, nami nilikula na kushukuru kama wengine.

Jumapili ya pili baada ya yeye kuondoka, Mzee aliniomba nizisome tena zile saba, kwa raha tu, kama mtu anavyoomba wimbo aupendao. Nilifungua flana ya kwanza na kuiweka dola dirishani. Chini ya mkia wa tai hapakuwa na kitu. Nilidhani nimekosea flana. Nikafungua ya pili, ya tatu. Uso wa fedha ulikuwa na vitundu vidogo vidogo kama ganda la chungwa, nywele za yule mwanamke zimefifia kama zilizochongwa kwenye sabuni. Shavuni, karibu na pua, palikuwa na pigo dogo kama chembe ya wimbi. Lilikuwa kwenye ya kwanza. Lilikuwa kwenye ya pili. Lilikuwa kwenye zote saba, mahali pale pale. Sonara fulani alikuwa ameyeyusha fedha na kuimwaga mara saba katika kalibu iliyotolewa kwa dola moja ya kawaida. Uzito ulikaribia kuwa sawa, na vidole vya Mzee vilikuwa vimekwisha kufa ganzi kwa ugonjwa wa sukari, kwa hiyo alizishika zile za uongo kwa ukingo, kwa heshima, akanipa moja moja. "Sema," aliniambia. "E iko?"

Nilisema tumbo linanisumbua, nikatoka, nikaenda moja kwa moja jikoni. Mama Nico alikuwa akisugua ndani ya kibuyu cha maziwa kwa kijiti chenye mkaa. Nilimweleza kwa kunong'ona, nikitarajia apige kelele. Hakuacha kusugua. "Najua," alisema. "Ni mimi nilifungua sanduku." Ufunguo ulikaa kwenye pini ndani ya koti la Mzee, na koti hilo nani alilifua kama si yeye? "Nico angekufa hapa, Akoth. Si kufa kwa mwili. Ulikuwa unamwona mwenyewe." Nikasema Mzee lazima aambiwe. Ndipo alipoweka kibuyu chini na kunitazama. "Aambiwe, ndio moyo wake usimame? Macho ya Mzee yamekwisha. Hataona tena mpaka Bwana arudi. Kile anaona ni kile wewe unamwambia. Sasa umwambie nini?" Akanishika mkono, na mkono wake ulikuwa na joto na masizi. "Wewe ni mtoto wangu hapa. Lakini pia wewe ni mgeni. Ikijulikana zimepotea, watu watauliza nani alikuwa anazishika kila Jumapili."

Nimeyageuza maneno hayo kwa miaka mingi, na bado siwezi kusema ni sehemu gani iliyokuwa upendo na ipi ilikuwa kisu. Nadhani hata yeye hakujua. Ninachojua ni kwamba nilirudi chumba cha mbele, nikaketi, nikaichukua ile dola. "E iko?" Mzee akauliza. "Iko, Mzee," nikasema.

Nilisema hivyo kwa miezi mitano. Kila Jumapili. Uongo wa kwanza ulinichoma, wa pili ukanichosha, na kufikia wa kumi nilikuwa fundi. Nilikuwa nimezikariri zile saba za kweli, basi nilimsomea kutoka kichwani mwangu alama ambazo hazikuwa mbele ya macho yangu, nikiigeuza dola dirishani ili asikie flana ikisuguana. Wakati mwingine niliongeza. Siku moja nilimwambia nimeona kijistari kipya, chembamba kama unywele, kando ya bawa la kushoto, kwa sababu tu alionekana mnyonge na nilitaka atabasamu. Alitabasamu. "Miaka thelathini sikuona hicho! Andika, andika!" Nami nikaandika katika daftari lake jeusi, kwa mwandiko wangu mzuri, jambo ambalo halikuwepo duniani. Mama Nico alileta chai, akaweka kikombe changu kwanza.

Kisha kanisani likasomwa tangazo la kambi ya macho. Madaktari walikuwa wanakuja kutoa mtoto wa jicho kwa wazee. Nilikuwa nimekaa nyuma ya Mama Nico na niliona shingo yake ikikakamaa. Mzee alikuwa wa kwanza kuinua mkono kujiandikisha. Nilikuwa na majuma matatu ya kumwambia. Nitaliandika hili wazi kwa sababu hakuna mwingine atakayeliandika: nilikuwa na majuma matatu, na tuliketi pamoja Jumapili tatu, sisi wawili peke yetu dirishani, na kila mara nilifungua kinywa na kusema kitu kingine. Mara ya mwisho aliniambia, "Wakifungua bandeji, kitu cha kwanza nataka kuona ni hicho kijistari chako." Mama Nico naye alinizuia uani akaniuliza kama ninaweza kuhama kabla Mzee hajarudi. "Niende wapi?" nikamuuliza. "Kwenu," alisema, "kwa muda tu." Nilikataa. Nilijiambia ni kwa sababu ya kazi. Nadhani nilitaka kunaswa.

Alirudi na miwani minene iliyofanya macho yake yawe makubwa kama ya ng'ombe. Siku mbili nzima alitembea uani akitazama majani ya mahindi, akitazama mikono yake. Jumamosi mchana niliporudi kutoka kiwandani nilimkuta kwenye meza ya dirishani, flana zote saba zimefunguliwa, dola zimepangwa mstari mmoja. Mama Nico alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni na sinia mkononi. Mzee aliinua uso akanitazama muda mrefu, nikakumbuka kwamba hajawahi kuniona.

"Wewe ndiye Akoth?"

"Ndiyo, Mzee."

"Nilidhani wewe ni mkubwa kuliko hivyo." Kisha akasukuma kiti kwa mguu. "Kaa."

Nilikaa. Alinipa daftari. "Nilikuuliza mara ngapi kama E iko?"

"Kila Jumapili, Mzee."

"Na ulikuwa unasema?"

"Nilisema iko."

"Ulijua haiko?"

Nilitazama mlangoni. Mama Nico alikuwa akitazama sinia lake kana kwamba kuna maandishi juu yake. Nilingoja. Nilimpa muda, Mungu ni shahidi, nilihesabu pumzi zangu nikimpa muda. Kisha nikasema, "Nilijua, Mzee."

Hakuuliza nani alizichukua. Hilo ndilo limenikaa kooni miaka hii yote. Alimgeukia mkewe, wakatazamana, nikaona kwamba ameelewa kila kitu, ufunguo, koti, safari ya Nico, mbuzi tuliyemchinja. Na hakumuuliza hata neno moja. Alikuwa mkewe, na yule alikuwa mwanawe. Aliyeulizwa ni mimi. Akanipa kalamu. "Soma ulichoandika tangu Nico aondoke. Soma kwa sauti, kisha ukate." Nikasoma. Kurasa kumi na moja. Kila mstari niliusoma kwa sauti na kuupiga mstari juu yake, huku yeye akifuata kwa kidole. Nilipofika kwenye kile kijistari kando ya bawa la kushoto, nilitaka kukikata bila kukisoma. "Soma," alisema. Nikasoma, nikakata. Mama Nico alikuwa bado amesimama pale, na chai ikapoa kwenye sinia.

Nilipomaliza alifunga daftari. "Mwizi ningemsamehe," alisema. "Mwizi anataka kitu. Lakini wewe nilikupa macho yangu ukae nayo." Akavua miwani, akajipangusa uso kwa kitambaa cha flana. "Mwisho wa mwezi utafute nyumba kwingine."

Sikungoja mwisho wa mwezi. Jumatatu niliomba ruhusa kiwandani nikapakia godoro, jiko na ndoo yangu kwenye mkokoteni. Mzee hakutoka. Kabla ya msimu wa kupanda uliofuata alikuwa amekufa, moyo ule ule tuliokuwa tukiulinda. Mimi nilisikia baada ya mazishi. Watu wa Yamumbi waliambiana kwamba yule mpangaji msichana wa ziwani ndiye aliyemwibia, na sikusikia kwamba kuna yeyote katika nyumba ile aliyewahi kuwasahihisha. Miaka michache baadaye Nico alirudi na shahada yake, akapata kazi nzuri, akanunua shamba kubwa kule Moi's Bridge.

Lakini siku ile ya mkokoteni, nilipokuwa nimefika karibu na barabara, nilisikia mtu akinikimbilia. Alikuwa Mama Nico, anahema, kiatu kimoja hakimo mguuni. Alinitia mikononi sweta ya sufu ya kijani, mpya, aliyoifuma mwenyewe. Bila shaka alikuwa ameianza majuma mengi kabla ya siku hiyo. Hakuomba msamaha. Alisema, "Asante kwa kunyamaza," akaniweka sawa kola ya blauzi yangu kama mama anayempeleka mtoto shule, akarudi kwake.

Ningeitupa kwenye mtaro. Nimejiona nikiitupa mara nyingi sana, kila mara kwa namna tofauti. Ukweli ni kwamba ilikuwa Julai, na baridi ya Julai ya Eldoret mnaijua. Niliivaa pale pale barabarani, ikanitosha kabisa, na niliivaa miaka sita.